Mkanda wa Kiti cha Katikati

Simu ya depo ya soda ililia saa moja na nusu asubuhi. Robo saa baadaye lori la soda lilikuwa limesimama kando ya mtaro pale Kiandutu, mjini Thika, honi ikipigwa mfululizo hadi majirani wakatoka nje na watoto mgongoni. Nakhumicha alitoka chumbani mwake na povu la sabuni mikononi. Ilikuwa siku yake ya mapumziko kutoka shamba la mananasi, na maji ya kufulia ndiyo kwanza alikuwa ameyanunua.

Mwanzia, taniboi wa lori, yaani utingo, mwanaume mzima mwenye upara na watoto wanne, aliruka chini kutoka kabini.

"Mama, vaa viatu. Lynn amejifungua."

"Amepata nini?"

"Msichana. Mzima kabisa, analia kama filimbi. Lakini mama yake..." Mwanzia akageuka kutazama kabini, kisha akashusha sauti. "Damu haikatiki. Hospitali ya Ruiru imepiga simu depo. Wanataka yako. Wanasema ile uliyompa mwaka jana iliingiana naye vizuri. Wamesema saa nne isipite."

Nakhumicha hakuuliza la pili. Aliacha nguo ndani ya beseni, akajifunga leso juu ya gauni, akabeba kikapu chake.

Mtu wa kumpeleka alikuwa Opiyo, mume wa binti yake Lynn, dereva wa lile lori, na hapo ndipo palikuwa na kazi. Kwao Nakhumicha, Kimilili, na kwao Opiyo, Siaya, watu hawafanani kwa mengi, ila kwa hili wamepatana tangu zamani: mama mkwe na mkwe wake hawashikani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Kukaa bega kwa bega, hilo hata halizungumzwi. Kwa miaka mitatu ya ndoa ile, Nakhumicha alikuwa anamjua mkwe wake kwa kisogo zaidi kuliko kwa uso. Siku nyingine yoyote angepanda gari la abiria, akafika kwa starehe zake. Lakini siku hiyo ya mwaka wa tisini na sita matatu zote ziligoma, na pale Juja barabara kuu ilikuwa imejaa mawe na matairi yanayowaka. Njia iliyobaki ilikuwa ya vumbi, kupitia Murera na Theta, na gari lililobaki lilikuwa hilo, na soda zake mgongoni, kwa kuwa hakukuwa na wakati wa kuzishusha.

"Mimi nitakaa katikati," Mwanzia akasema, kwa sauti ya kusikika na wote wawili. "Mimi ndio ukuta."

Opiyo alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, kwenye kioo.

"Karibuni, Mama," akakiambia kioo.

"Asante, baba," Nakhumicha akauambia mlango.

Sasa, Opiyo huyu alikuwa na jambo lake moja. Miaka miwili nyuma, dereva mwenzake aitwaye Kitheka aligonga mti karibu na Ruiru, akarushwa nje kupitia kioo cha mbele, na Opiyo ndiye aliyemwokota barabarani. Tangu siku hiyo hakuwasha gari bila kufunga mkanda. Lori lilikuwa limetoka Japani na mikanda yake yote, mitatu, na madereva wengine wa depo walikuwa wameikata yao kufungia turubai. Walimcheka. "Rubani! Leo ndege inapaa saa ngapi?" Walimwita Rubani hata mbele ya Gichuru, msimamizi wa depo, na Gichuru naye alicheka. Opiyo hakujali. Kila asubuhi, kabla ya kugeuza ufunguo, aliuliza neno moja.

Akauliza siku hiyo pia. "Mmefunga?"

Mwanzia alikuwa ameshauvuta mkanda wa upande wa mlango, akaupitisha kifuani mwa Nakhumicha, lakini badala ya kuuchomeka akamtia kile kibati cha mwisho mkononi.

"Shikilia hapa, chini ya leso," akanong'ona. "Haishiki hii."

"Kwa nini?"

"Nimefungulia soda nayo mpaka ikapinda. Mwaka mzima. Nyamaza, mama, yeye hajui." Kisha kwa sauti: "Tumefunga, kapteni! Twende!"

Mwenyewe hakufunga wowote. Mkanda wa katikati, ule mfupi wa kiunoni, ulikuwa umesukumwa nyuma ya kiti. Opiyo angegeuza shingo kidogo tu angeona yote. Lakini upande ule alikokaa mama mkwe hakutazama, kwa heshima. Akageuza ufunguo.

Walitoka Thika wakishika njia ya Murera. Vumbi liliingia hadi kwenye meno. Kreti ziligongana nyuma kama vyombo vya jikoni kubwa. Kila baada ya muda Opiyo alitazama saa ya mkononi. Tangu utotoni, Nakhumicha akiwa na hofu alikuwa na dawa moja tu.

"Mwanzia. Kitendawili."

"Saa hii, mama? Haya, tega."

"Askari ishirini na wanne wanalala chumba kimoja wamesimama, na hakuna anayevua kofia."

Mwanzia akakuna upara. "Polisi wa depo ya Thika."

"Hapana."

"Njiti za kiberiti. Hapana, hizo zinalala. Mayai? Mayai hayana kofia."

"Basi nipe mji."

"Chukua Murera yote, na ng'ombe wake."

"Murera ina vumbi, siitaki. Nipe mwingine."

"Ni kreti ya soda," Opiyo akakiambia kioo.

Mwanzia, aliyekuwa amebeba kreti kwa miaka kumi na moja, alijigeuza kumtazama, kisha akamtazama Nakhumicha, kisha akapiga goti lake kwa kicheko. Nakhumicha akaficha mdomo kwa leso. Ndilo neno refu zaidi ambalo mkwe wake aliwahi kusema mbele yake.

Kicheko hakikufika mbali. Walipovuka shimo moja la kona, nyuma kulisikika mlio wa kitu kukatika, halafu mvunjiko wa chupa nyingi kwa pamoja. Opiyo akasimamisha gari. Kamba ya upande ilikuwa imekatika, na kreti kumi na mbili hivi zilikuwa chini, nyingine zimepasuka, soda nyekundu ikitiririka kwenye vumbi. Watu walianza kutokea kwenye mahindi, wanaume, wanawake, mzee mmoja na kikombe chake tayari mkononi.

"Haiya! Mungu ameleta!" mtu akapiga kelele.

Opiyo aliifunga ile kamba upya kwa haraka, akatazama saa. Saa tatu na dakika tano.

"Mwanzia, baki na hizi. Sitangoja."

"Opi, nibaki? Na nyinyi wawili..." Akaonyesha kabini kwa kidevu.

"Nimesema baki! Mke wangu anakufa, yawa!"

Akapanda, akatia gia. Nakhumicha alimwona Mwanzia kwenye kioo cha pembeni, amesimama mikono kichwani katikati ya kreti. Halafu akamwona ameanza kukimbia. Alikimbia nyuma ya lori akipunga mikono yote miwili, mdomo wazi, na kilichosikika juu ya ngurumo ya injini kilikuwa kipande tu: "...kanda! Mama, mka..."

"Huyo ni kulalamika tu," Opiyo akasema, akaongeza mwendo. Vumbi likamfunika Mwanzia.

Sasa katikati yao palikuwa patupu. Nakhumicha alikiweka kikapu chake pale, kiwe ukuta mdogo, naye akajisogeza mpaka bega likagusa mlango. Mlango ulikuwa unacheza. Katika ufa wake, upana wa kidole, aliona barabara ikikimbia chini yake.

"Mama," Opiyo akasema, macho mbele, "mkanda wenu umeshika?"

"Umeshika, baba."

Alisema hivyo kabla hajafikiri, na uongo ukishatoka mdomoni haurudi kirahisi. Aliufinya ule mkanda kwa vidole chini ya leso. Angesema kweli, je? Mkwe angesimamisha gari. Angelazimika kuinama juu yake, kumpapasa kiunoni akitafuta mahali pa kuchomeka. Aibu ya aina hiyo watu wangeisimulia Kimilili hadi wajukuu wa wajukuu. Na dakika. Kila dakika ilikuwa ya Lynn.

Alijaribu mwenyewe. Akaingiza kile kibati polepole, akasukuma. Kikaingia nusu, kikarudi nje. Akasukuma tena kwa kiganja. Kikarudi. Kweli kilikuwa kimepinda kama ulimi wa mtoto anayekataa dawa.

Lori likaruka tuta. Mlango ukagonga, ukafunguka kidogo, ukajifunga. Nakhumicha alikikamata kishikio cha mlango kwa mikono miwili, na mkanda ukamponyoka, ukarudi juu kwenye nafasi yake na kupiga kioo: ta!

Opiyo alisikia. Mabega yake yalisimama. Lakini hakugeuka kutazama.

"Mama?"

"Endesha, baba."

Saa tatu na robo. Walipita mashamba ya Theta mbio, kuku wakitawanyika. Mbele, barabara ilipinda na kuanza kuteremka kuelekea mtoni, mteremko mrefu wa udongo mwekundu, na Nakhumicha akaona mkono wa Opiyo ukienda kwenye gia na kusita. Alikuwa anapima: ateremke na gia nzito, polepole, au aliachie lori lijiendee. Akatazama saa yake tena. Hakubadilisha gia.

Hapo Nakhumicha akaona jambo wazi kabisa, kama mtu aliyewashiwa taa. Damu aliyotakiwa kumpelekea mtoto wake haikuwa kwenye chupa. Ilikuwa ndani yake yeye, na yeye alikuwa ameegemea mlango usiofunga. Akianguka hapa, damu yote ya Lynn inamwagika Theta, bure, kama ile soda.

"Simamisha gari."

"Mama, wakati..."

"Opiyo! Simamisha!"

Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Breki zililia, lori likatetemeka, likasimama pale juu ya mteremko, pua ikiangalia chini.

"Nimekudanganya," akasema, pumzi juu. "Mkanda haushiki. Umepinda. Mwanzia anafungulia soda."

Opiyo akafumba macho. Alitamka maneno kadhaa ya Kijaluo ambayo, kwa bahati nzuri, mama mkwe wake hakuyajua. Kisha akafungua mkanda wake, akateremka, akasimama nje, chini ya mlango wake.

"Mama, kuna mwingine," akasema, akitazama magurudumu. "Uko mzima, hakuna mtu amewahi kuutumia. Lakini ni wa katikati."

Nakhumicha alikitazama kiti cha katikati. Kilikuwa kidogo. Mtu akikaa pale, goti lake liko kando ya gia, na bega lake liko kwenye bega la dereva, hakuna namna nyingine. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na mbili.

Akakihamisha kikapu mahali pake pa mlangoni. Akajisogeza. Akatia mkono nyuma ya kiti, akakuta maganda ya njugu, vizibo, kichana, halafu ncha mbili za mkanda, ngumu kwa upya. Akazitoa. Mara ya kwanza alikosa, mara ya pili alikosa. Mara ya tatu ukaingia na mlio mdogo mkavu. Akauvuta mpaka ukambana nyonga.

"Panda," akasema. "Na ukiteremka, teremka na hiyo gia nzito."

Opiyo akapanda. Bega lake likagusa bega la mama mkwe wake. Akatia gia ya kwanza, na lori likaanza kushuka likinguruma, polepole.

Polepole hiyo ndiyo iliyowaokoa watu wengine pia. Chini, baada ya kona, pale barabara inapobana kuingia darajani, trekta la shamba la kahawa lilikuwa limezima njiani, na nyuma yake tela lililojaa wanawake wachumaji, vikapu magotini. Opiyo alikanyaga breki. Mzigo ukasukuma kutoka nyuma. Udongo ulikuwa laini, magurudumu yakateleza, na wale wanawake wakaanza kupiga mayowe na kuruka.

"Shika!" Opiyo akapiga kelele, akauzungusha usukani kwenda kwenye ukingo wa udongo.

Kishindo. Nakhumicha alirushwa mbele, na mkanda ukamkata kiunoni kama shoka butu, ukamrudisha kitini. Kioo cha mbele kikawa chembe. Mlango wa abiria ukafunguka wote, ukang'oka bawaba moja. Kikapu chake kilitoka kwa mlango ule kama ndege, kikapaa juu ya ukingo, na kilikawia kabla hajakisikia kikigonga mawe ya mtoni.

Kisha kimya, na soda ikichuruzika mahali fulani.

"Mama." Opiyo alikuwa amegeuka. Alikuwa anamtazama usoni moja kwa moja, macho yamemtoka. "Mama, mko hai?"

"Niko. Nitoe kwa hiki kitu."

Mkono wa kulia wa Opiyo ulikuwa umevunjika kifundo. Aliutumia wa kushoto, akabonyeza kitufe juu ya kidole cha mama mkwe wake, na mkanda ukaachia.

Dereva wa trekta, Wainaina, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu, alikuwa ameshafika. "Ngai! Mko wazima? Hii trekta imenizimia, betri, nimesema toka jana..."

"Inasukumwa?" Nakhumicha akamkata. "Ikisukumwa inawaka?"

"Inawaka, lakini..."

Wale wanawake walisikia habari ya Lynn kwa maneno machache, na hawakuhitaji mengi. Waliling'oa tela, wakajipanga nyuma ya trekta, walio na viatu na wasio na viatu, wakasukuma hadi darajani, na katikati ya daraja injini ikakohoa, ikashika. Nakhumicha akapandishwa juu ya bati la gurudumu moja, Opiyo juu ya jingine, mkono wake umefungwa kwa leso.

"Nyinyi mtanichungia gari?" Opiyo akawauliza wanawake.

"Tutachunga, baba! Tutachunga na matumbo!"

Wainaina akageuka. "Nikimbize, mama?"

"Nenda. Lakini usikimbie."

Waliingia hospitalini saa nne kasoro dakika tisa. Muuguzi aliyewapokea, Hayat, aliwatazama mara moja, akaona gauni la Nakhumicha limelowa wekundu, akashika mdomo.

"Hiyo ni soda," Nakhumicha akasema. "Mimi ndiye mama yake Lynn. Toa damu."

"Mmetoka ajalini?" Hayat akamlaza kitandani, akapandisha gauni, akaona alama ya mkanda kutoka nyonga hadi nyonga, imeanza kuwa zambarau. Uso wake ukabadilika. "Mama, sikiliza. Kama umeumia ndani ya tumbo, nikikutoa damu nitakuua. Nikibonyeza, uniambie kweli. Panauma?"

Lynn alikuwa chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nakhumicha aliona mguu wake, mweupe kama jivu, ukitoka nje ya shuka. Neno "hapaumi" lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Alilirudisha.

"Panauma," akasema, na machozi yakamtoka. "Hapo kwenye mfupa panauma. Juu yake, hapaumi. Hapo pia hapaumi. Bonyeza tena, uwe na hakika."

Hayat akabonyeza tena, akamwita daktari, naye akabonyeza, akampima presha mara mbili. Nakhumicha alihesabu misumari ya dari. Mwishowe daktari akaitikia kwa kichwa, na sindano ikaingia.

Walikaa kwenye benchi la korido hadi karibu saa saba, yeye mwisho mmoja, Opiyo mwisho wa pili, mkono wake sasa kwenye plasta. Mlango ulipofunguka wote wawili wakasimama.

"Damu imekatika," Hayat akasema. "Amelala. Ameomba maji, na ameuliza kama mko wote."

Opiyo akakaa chini sakafuni, pale pale, akaegemea ukuta.

Hayat akarudi ndani, akatoka na furushi jeupe. Alimwendea baba kwanza, akaona plasta, akageuka akamweka mtoto mikononi mwa bibi yake. Nakhumicha akakaa nalo katikati ya benchi. Paji la uso lilikuwa la Opiyo kabisa. Aliweza kusema hivyo sasa, kwa kuwa ameliona.

Opiyo alikuwa amesimama tena, hatua nne mbali, akinyoosha shingo ili aone, miguu imekataa kuvuka.

"Kwani hutaki kumwona mtoto wako?" Nakhumicha akasema.

Alikuja. Akakaa kando yake, ule mkono mzima ukiwa upande wa mtoto, akainama. Na mama mkwe wake hakusogea.